Mshale Umesimama, Gari Limelala

Enzi zetu huko Newala, gari halikuhitaji honi. Lilisikika likiwa bado chini ya mlima, likinguruma na kukohoa, na sisi watoto tulikuwa tumeshaacha mdako, tumeshaacha rede, tumeshakimbilia barabarani kabla hata vumbi halijaonekana. Ninyi wenzangu mliokulia juu ya uwanda ule mnajua ninachosema. Magari yalikuwa machache, tuliyajua kwa majina ya madereva wake, na aliyepewa lifti mpaka Masasi alirudi na hadithi za wiki nzima. Mjukuu wangu Shafii nikimsimulia haya hucheka na kuniuliza kama tulikuwa tunapanda punda. Punda mwenyewe tungempata wapi?

Tulikula ming'oko, vile viazi vya porini vinavyochimbwa kiangazi, mama akivichemsha kwa chumvi na sisi tukigombania vile vyembamba vilivyoiva vizuri. Tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu cha karanga. Msimu wa korosho ulipofika tulinyonya mabibo mpaka nguo za shule zikaota madoa yasiyotoka kwa sabuni yoyote, na korosho zenyewe tulizipanga kwenye mchanga tukazilenga kwa mbali, anayepiga ndiye anayechukua. Nilikuwa na shabaha, na wavulana walinichukia kwa hilo. Leo mtoto analenga kwa kidole gumba juu ya kioo cha simu, akishinda hapati hata korosho moja ya kutafuna.

Shuleni tulianza na mchakamchaka, tukaimba kujitegemea, tukalima shamba la shule, ndipo tukasoma. Nyuma ya madarasa kulikuwa na mahandaki, maana ng'ambo ya Ruvuma Wareno walikuwa wanapigana na ndugu zetu, na siku nyingine mizinga ilisikika kama mtu anayetwanga katika kijiji cha mbali. Mwalimu akipuliza filimbi tulijitupa humo ndani. Waliokuwa wa kwanza kulia ni wavulana, ingawa sasa hivi ukiwauliza, wote walikuwa mashujaa.

Kitu kimoja tu hatukuwa nacho, nacho ni maji. Mgeni akija kwetu aliona ardhi nyekundu na mikorosho imefungamana, akadhani amefika nchi ya neema. Hakujua kwamba sisi tuko juu na maji yako chini bondeni. Mama zetu walitoka alfajiri na mitungi na madebe, wakateremka ule mteremko wa mawe, wakarudi jua limeshakuwa kali. Mjini kulikuwa na bomba, lakini kijijini kwetu bomba lilifika kwa jina tu. Mtoto alinawa uso kwa maji ya kikombe, na maji hayohayo yakamalizia miguu. Mama yangu alikuwa na msemo wake: "Maji ya hapa yana miguu ya mtu ndani yake." Aliyeyamwaga kwa uzembe alichapwa na mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu, hata asiye ndugu yake. Shafii yeye anaoga asubuhi na jioni, kisha ananiambia, "Bibi, maji ya kwako hayana presha."

Baba yangu, Issa, alikuwa dereva wa lori la kijiji. Tulipokusanywa katika kijiji cha ujamaa, wengine kwa kupenda na wengine kwa kuambiwa, wazee waliuza korosho za shamba la pamoja wakapata lori kuukuu. Aliyejua kuendesha alikuwa baba peke yake, kwa sababu ujana wake aliumalizia akiendesha magari ya mashamba ya mkonge huko Lindi. Watu walimwita Baba Zena, maana Zena ndiye mimi, mtoto wake wa kwanza. Kazi ya kwanza aliyoiomba lile lori liifanye haikuwa kubeba korosho. Alilipangia mapipa mgongoni, akaanza kuteremka bondeni kuchota maji. Shingo za wanawake zikapumzika. Walimpenda baba yangu kuliko walivyompenda mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti alilijua hilo. Mimi nilipita mbele ya nyumba za watu nikitembea kama binti wa mkuu wa wilaya.

Lile lori lilikuwa na maradhi yake. Geji zake za kwenye dashibodi zilikuwa zimekufa siku nyingi, kwa hiyo baba aliendesha kwa pua. Akinusa joto la injini anasimama, anateremka, anafungua boneti, anasubiri, anaongeza maji kwenye rejeta, anaendelea. Kutoka bondeni mpaka kijijini aliweza kusimama mara nyingi hivi kwamba abiria walishuka wakachimba ming'oko njiani. Lakini injini haikuwahi kuungua. Pua ya baba ilikuwa pua ya mbwa wa msasi, mama ndiye aliyekuwa akisema hivyo, na yeye alicheka kwa kuridhika.

Kisha akaja Lipangati. Huyu alivuka Ruvuma na mke na watoto, akikimbia vita, akapewa kiwanja jirani na kwetu. Alikuwa mchongaji, Mmakonde mwenzetu wa upande wa pili, uso wake umejaa nembo za chale kama wazee wa zamani. Katika mzigo wake mdogo alikuwa na vitu viwili vya mviringo vyenye kioo na mshale, alivyoving'oa kwenye lori la Wareno lililokanyaga bomu barabarani. Nyuma kote kulisambaratika, mbele kukabaki. Alidhani ni saa. Alizibeba njia nzima, akazileta kwa baba jioni moja.

"Baba Zena, saa hizi hazitembei. Labda wewe ntu wa magari unajua kuzitia ufunguo."

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Akamweleza kwamba zile hazisemi saa, moja inapima joto la maji ya injini na nyingine inapima oili. Ile ya maji ilikuwa na mrija mwembamba wa shaba kama mkia wa panya, na mwishoni mwa mkia kidonge. Baba alikikagua kile kidonge, kisha bila kuomba ruhusa akakizamisha kwenye sufuria ya mama iliyokuwa inachemka jikoni. Mshale ukainuka taratibu mbele ya macho yetu.

"Umetia nini kwenye maji ya ugali?" mama akauliza.

"Nimeyapima, Mama Zena. Yameiva."

Lipangati alipoona mshale ukipanda alipiga makofi. Akasema basi, zikae kwenye gari la kijiji, kwa sababu na yeye anakula ugali wa kijiji. Nakumbuka furaha ya baba usiku ule. Hakulala, alikuwa anazigeuzageuza mkononi kwenye mwanga wa kibatari.

Tatizo likawa ni mahali pa kuziweka. Dashibodi ilikuwa imepasuka, na hata ingekuwa nzima baba hakuitaka. Alizitaka kwenye nguzo ya kioo, ile nguzo inayosimama kati ya kioo cha mbele na mlango wa dereva. "Barabara ile ina kona," alisema. "Dereva akishusha macho chini kutazama geji, akiyainua ameshafika bondeni. Pale juu nitaiona njia na geji kwa jicho moja." Lakini geji haigandi kwenye nguzo kwa maneno. Ilihitaji kitu cha kuishika, na vyuma havikuwepo. Maduka ya wakati ule mnayakumbuka: ukiuliza nati unaambiwa rudi mwezi ujao. Lipangati akasema kishikio atakichonga yeye.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa ambalo nadhani lisingefanywa na mtu mwingine yeyote isipokuwa sisi. Fundi wa kabila lingine angechukua mti mgumu, mpingo au mninga. Lipangati hakufikiri kama seremala. Yeye alikuwa mchongaji wa vinyago vya kuvaa, vile vinavyotoka na ngoma ya wanaume, na vinyago hivyo huchongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji asichoke shingo. Alikuja na gogo la mti huo mlaini, akalipigapiga kwa kidole. "Nti huu ndio," alimwambia baba. "Kitu cha kuvaliwa usoni hakiwi kizito." Machoni pake lori lilikuwa linavalishwa kinyago. Baba aliona ni sawa kabisa. Na mimi niliona ni sawa, na kijiji kizima kiliona ni sawa.

Kikatoka kizuri. Kilikuwa na matundu mawili ya geji, moja juu ya jingine, na pembeni Lipangati hakuweza kujizuia, akakichora nembo za chale kama za usoni kwake. Baba alikikaza kwenye nguzo kwa bolti na kukizungushia raba ya tyubu ili kisigonge. Geji ya oili ilikuwa na mkono wake wa nyuma, kile kipande cha chuma cha kuishikilia, na nati ya kuibana. Ya maji, mkono wake ulibaki Msumbiji. Ikasukumwa kwenye tundu, ikashikwa na ubano wa mti peke yake. Baba alisema itatosha mpaka apate mkono mwingine Masasi.

Kisha akafanya jambo aliloliona ni akili kubwa. Yale maandishi yalikuwa ya Kireno, na tarakimu zake baba hakuzijali. Aliwasha injini, akaiacha ipate joto la kawaida, halafu akaizungusha geji yenyewe ndani ya tundu mpaka mshale ukasimama wima. "Ukisimama, mambo sawa," alitufundisha. "Ukiinama kulia kama mlevi, nasimama mimi." Watu walikuja kutazama. Wanawake waliopanda mbele walijifunika uso kwa kanga wakicheka, wakisema hawatazamani na kitu chenye macho na chale, mambo ya wanaume hayo. Mimi ambaye nilikuwa sijachezwa unyago bado niliogopa kwa kweli, na nikajivuna kwa kweli pia. Na baba, tangu siku ile, aliacha kunusa.

Mwaka huohuo nikaingia unyago. Tulikuwa wasichana sita, ndio wali wa mwaka ule, tukafichwa ndani siku nyingi, na ya humo ndani hayasemwi. La nje ninaweza kulisema, kwa sababu kila mtu analijua: siku ya kutoka, mwali huogeshwa alfajiri kabla jua halijamwona. Kwa nchi yetu hilo halikuwa jambo dogo. Wanawake waliteremka bondeni siku mbili mfululizo kukusanya maji ya kuogeshea na ya kupikia wageni, na hata hivyo mwali aliogeshwa kwa kata mbili tatu. Baba alisimama mbele ya mama zetu akasema mwaka huu wasiteremke. "Pumzikeni. Lori litaleta. Wali wataoga mpaka maji yachuruzike uwanjani." Mama aliniambia baadaye kwamba nyakanga, mkuu wa unyago wetu, alimtazama baba, akauliza, "Una hakika, Baba Zena?" Baba akajibu kwa kucheka. Wanawake wakakaa.

Yaliyotokea njiani nilisimuliwa na mama mdogo Asha, aliyekaa mbele pamoja na baba. Waliteremka jioni, wakajaza mapipa, wakalala hukohuko bondeni ili waanze kupanda mapema. Wakati wa kuteremka ile njia ya mawe ilitikisa kila kitu, na kile kishikio kilikuwa kimeshakauka kwa kiangazi, matundu yake yamelegea. Ule mkia wa shaba ulikuwa umekunjwa kwa nguvu nyuma ya nguzo, ukawa unaivuta geji kidogo kidogo, ikazunguka upande wa kushoto, kwa hiyo sasa mshale ungesimama wima hata injini ikiwa imeshachemka. Baba hakujua. Maandishi yake yalikuwa mshazari tangu mwanzo, na kioo kilikuwa na vumbi. Yeye aliangalia mshale tu.

Alfajiri wakaanza kupanda. Lori limejaa maji, linaguna, mshale unapanda, ukafika pale penye wima ukakaa.

"Shemeji," mama mdogo akasema, "nasikia harufu ya kuungua."

"Ni breki hiyo."

Wakaenda mbele kidogo.

"Shemeji, inazidi."

Baba akanyoosha kidole kwenye nguzo. "Asha, tazama. Mshale umesimama."

Walipofika kona ya tatu injini ililia mlio ambao mama mdogo alisema hajawahi kuusikia tena, kisha ikanyamaza. Haikuwaka tena siku ile, na kwa kweli haikuwaka tena kamwe. Moshi ulitoka kwenye boneti. Baba alikaa na mikono kwenye usukani. Baadaye alinyoosha kidole, akaigusa geji ya maji, nayo ikazunguka yenyewe kama kifuniko cha chupa. Ndipo akajua. Lori lilikufa kwa kiu likiwa limebeba mapipa ya maji mgongoni.

Sisi wali tuliamshwa gizani. Tulikaa kwenye mkeka tumejifunika, miili imepakwa unga uliokwisha kukauka. Tulimsikia nyakanga akiuliza maji. Tukasikia wanawake wakijibu yanakuja. Jogoo wakawika. Nyakanga akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini zaidi, na hilo lilinitisha kuliko angepiga kelele. Mwanga uliingia kwenye upenyo wa mlango, ukafika mkekani, ukafika miguuni kwetu. Jua lilituona. Wenzangu watano hawakunitazama, lakini niliwasikia wakivuta pumzi, na nilijua wote wanajua maji yale yalikuwa ahadi ya baba wa nani. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiitafutia jina siipati. Nilitamani ardhi inifunike hapohapo na unga wangu.

Mtu alikuja mbio akasema lori limelala kona ya tatu. Basi wanawake waliokuwa wameambiwa wapumzike, wamevaa kanga mpya, wamesuka nywele, walichukua madebe na mitungi wakateremka. Wageni nao wakateremka. Kati ya wageni walikuwepo watani wetu, Wamakua kutoka Masasi, na mnajua mtani hana mipaka. Anaweza kukukejeli msibani na huna ruhusa ya kununa. Mmoja wao, Mama Hilda, ndiye aliyeimba wa kwanza, akiwa na debe kichwani anapandisha mlima. Wenzake wakapokea. Mpaka wanafika kijijini wimbo ulikuwa umeshakomaa:

Mshale umesimama, gari limelala,
Baba Zena, tutaogea nini?
Mshale umesimama, gari limelala,
Mwali wako jua limemwona.

Mama mdogo alisema baba ndiye aliyekuwa anawachotea, akivuta maji kwa mpira kutoka kwenye pipa, debe baada ya debe. Wadogo walimwambia shikamoo, naye aliitikia marahaba bila kuinua uso. Wimbo ulianzia miguuni pake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hilo ndilo lilikuwa gumu, kwamba hapakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Tuliogeshwa adhuhuri. Maji yalikuwa mengi kweli, yalichuruzika kama alivyoahidi, na kila tone lilikuwa na miguu ya mtu ndani yake. Kisha tukatolewa nje. Mwali anapotolewa huinamisha kichwa, asitazame watu, ndiyo adabu yake. Wenzangu waliinama kwa adabu. Watu waliimba ule wimbo wenye jina langu, wakanirushia mchele, na mama yangu akacheka pamoja na watani kwa sababu ilimpasa kucheka. Mimi nilikunja shingo mpaka kidevu kikagusa kifua. Wazee walisifu, wakasema Zena amefundwa.

Kikao cha kijiji kilikaa baada ya sherehe. Mwenyekiti hakufoka. Aliuliza tu, "Baba Zena, uliona nini?" Baba akajibu, "Niliona mshale umesimama." Watu waliangua kicheko, hata waliomhurumia. Alikuwa amekuja na kile kishikio mkononi, amekifungua kwenye nguzo, akajaribu kuwaonyesha jinsi geji inavyozunguka. Hakuna aliyetaka kuona. Lipangati akasimama nyuma akasema kosa ni lake, mti ule ulikuwa wa ngoma, haukuwa wa barabara. Baba akamkatiza. "Wewe ulichonga. Kushika ilikuwa kazi yangu." Akaweka ufunguo wa lori mbele ya mwenyekiti, akarudi nyumbani. Hakuendesha gari tena maisha yake yote.

Ningependa kuwaambia iliishia hapo. Lakini kesho yake wanawake walirudi kuteremka bondeni kama zamani, na njia yao ilipita mbele ya mlango wetu. Nyayo zao tulizisikia tukiwa kitandani. Siku chache baba alilala akitazama dari. Kisha asubuhi moja nilitoka nikamwona na mzega begani, debe huku na debe huku, anateremka nyuma ya wanawake.

Mnajua maana ya mwanamume kuchota maji kwa kijiji chetu cha wakati ule. Watoto walimfuata wakiimba. Yeye alipanda na maji yake, akayamimina kwenye mtungi wa mama wa mwali wa kwanza, kesho yake kwa wa pili, mpaka akamaliza nyumba zote tano za wenzangu, kisha akaanza upya. Aliendelea hivyo mpaka mvua zilipoanza. Mama alimsihi aache. "Unatuongezea," alimwambia. Baba akajibu, "Niliwaambia wapumzike, Mama Zena." Mimi nilikuwa nakwenda shule kwa njia ya mashambani ili nisikutane naye barabarani na ule mzega, na tukikutana nyumbani nilimwambia shikamoo nikitazama vidole vya miguu yake. Bega lake la kulia lilibaki na sugu mpaka alipozikwa.

Jioni alikaa na kile kishikio. Aliizungushia geji ukanda wa raba ya tyubu, akakata bati akaitengenezea mkono wa nyuma, akaikaza mpaka haitikisiki. Halafu alichukua chokaa kwenye ncha ya kijiti, akachora mstari mweupe mmoja, unaoanzia kwenye ukingo wa geji na kuishia kwenye mti. Nilimuuliza ni wa nini. "Ikizunguka, mstari utakatika," alisema. "Mshale unaweza kusimama ukadanganya. Mstari haudanganyi." Gari la kukifunga halikuwepo. Alikitundika ukutani juu ya kitanda chake, na mstari wake umenyooka.

Siku hizi nakaa Masasi na Shafii. Ana kagari kadogo, na mwezi uliopita alikaletea geji tatu zilizofungwa kwenye kishikio cha plastiki, akakibandika kwenye nguzo ya kioo. Zinawaka taa ya buluu kama harusi. Nilimuuliza zinapima nini. "Moja inapima joto, bibi. Hizi mbili ni za muonekano." Nikauliza zimeshikwa na nini. "Gundi." Enzi zetu geji mbili zilivuka mto na vita zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa, zikachongewa uso, zikapewa dhamana ya maji ya kijiji. Leo zinaletwa na pikipiki mpaka mlangoni, na mbili kati ya tatu hazina kazi. Sikumcheka. Nilitoa rangi ya kucha kwenye mkoba wangu, nikachora mstari mmoja kwenye ile inayofanya kazi, kutoka kwenye ukingo wake mpaka kwenye plastiki. Shafii alilalamika kwamba namharibia gari. Nikamwambia atanilipisha siku nikifa.

Juzi alinipeleka Newala harusini. Barabara sasa ni ya lami, mlima unaupanda ukiwa unasinzia. Tulipokaribia ile kona ya tatu aliwasha muziki wa simu yake, ngoma iliyorekodiwa kwenye sherehe fulani, spika zikitetemesha milango. Nikaisikia. Wameiongezea kinanda, wameondoa jina la Baba Zena, lakini ni yenyewe. Mshale umesimama, gari limelala. Shafii alikuwa anaijua yote, anaimba huku anapiga usukani kwa kidole. Nilitazama nguzo. Mstari wangu mwekundu ulikuwa haujakatika, nami hata hivyo nilivuta pumzi kwa nguvu, nikanusa.

"Wimbo mkali huu, bibi. Ni wa nani?"

Nina miaka ya kutosha kuitwa bibi na mtaa mzima, na bado sikuweza kulitaja jina la baba yangu kwenye kona ile.

"Ni wa nyumbani kwetu," nikasema.

"Najua, wa Kimakonde," akasema, akaongeza sauti.

Nikainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, tukaipita kona.